Fundi Aliyesoma Moshi Saa Nne

Katika miaka sita niliyofanya kazi chini yake sikumsikia Fundi akisema uongo hata mara moja, na hilo ndilo ninalomlaumu nalo mpaka leo. Mwongo ukishamjua unajihadhari naye. Mtu wa kweli unamwachia mlango wazi, na ufunguo unampa.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi pale kiwandani, wa umeme, wa kuchomelea, wa magari, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamtaja msimamizi wa boila. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha sukari, katikati ya mashamba ya miwa, upande ambao Homa Bay na Migori zinapakana. Miwa ikishakamuliwa makapi yake yalichomwa kwenye boila, boila ikatoa mvuke, mvuke ukazungusha turbaini, na turbaini ikatoa umeme wa kuendesha kiwanda kizima pamoja na taa za nyumba za mameneja. Ukitaka kuyasimamisha yote hayo ulihitaji mtu mmoja tu avue kofia yake aende nyumbani. Fundi alilijua hilo, na mameneja walijua kwamba analijua.

Mimi nilikuwa karani wa mazingira. Nilitoka Kosele na diploma yangu na viatu vipya, nikapewa meza kwenye kona ya chumba cha boila, faili la fomu, na kadi ya moshi. Kadi hiyo ni karatasi ngumu yenye miraba minne ya kijivu. Namba moja ni kijivu cha majivu mapya, na namba nne ni weusi wa sufuria iliyokaa jikoni miaka kumi. Unasimama mahali pa wazi, unainua kadi, unalinganisha miraba na moshi unaotoka kwenye bomba, unaandika namba. Ikizidi mbili kiwanda kinatakiwa kujieleza.

Siku ya kwanza Fundi alitazama viatu vyangu kabla ya kutazama uso.

"Nyar wapi?" aliuliza. Binti wa wapi.

"Kosele."

"Nyar Kosele, hapa viatu inakaa wiki mbili. Sema pole nayo mapema."

Toka siku hiyo nikawa Nyar Kosele. Sidhani alilijua jina langu lingine mpaka siku alipolihitaji.

Nianze na mazuri yake, maana ninajua nikianza na mabaya sitarudi. Fundi hakucheza na maji. Kwenye boila kuna kioo kirefu, chembamba, kinachoonyesha maji yaliyomo ndani yamefika wapi, na kila alipopita alikigonga kwa ukucha, mara mbili, akainama kukitazama. Hata akiwa anazungumza na mkurugenzi. Hata akiwa na simu sikioni. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu, wa kidole cha shahada, na wafanyakazi walisema kwa utani kwamba ukucha ule umeandikishwa kwenye vifaa vya kampuni. Aliniambia kwamba boila ikikosa maji haikuiti wala haikusubiri, na kwamba waliokufa kwa boila wote walikuwa watu waliodhani wana dakika moja zaidi.

Mpwa wake, mwana wa dada yake, alikuwa zamu moja naye. Mtu mzima, mwenye mke. Siku moja aliandika kwenye daftari kwamba amejaribu valvu ya usalama, kumbe hakuijaribu, alikuwa amekaa nyuma ya lundo la makapi akitazama mpira kwenye simu. Fundi alipanda ngazi mwenyewe, akaishika valvu, akashuka. Akamwita mpwa wake mbele yetu sote.

"Umeijaribu?"

"Mjomba, unajua leo…"

"Mimi si mjomba wako hapa. Mama yako ni dada yangu nyumbani. Umeijaribu?"

"Hapana."

"Nenda nyumbani. Boila haina mjomba."

Dada yake hakumsalimia kwa miaka miwili. Msiba ulipotokea kwao walikaa hema moja, kila mmoja akitazama upande wake. Sisi wa chumba cha boila tulimheshimu zaidi baada ya hapo, na nikisema tulimheshimu ninamaanisha kwamba mimi nilimpenda kama baba.

Halafu kulikuwa na alasiri ile pampu ya kuingiza maji ilipokufa. Miwa ilikuwa imejaa uwanjani, matrekta yamepanga foleni mpaka barabarani, na meneja wa uzalishaji alikuja akipiga kelele kwamba moto usizimwe, mafundi wa pampu wanakuja sasa hivi. Fundi aligonga kioo. Alichukua reki ya chuma, akafungua mlango wa tanuru, akaanza kuuvuta moto nje kwa mikono yake, na sisi tulipopata akili tukamsaidia. Mkono wake wa kulia uliungua kutoka kiwiko hadi kifundo. Watu kumi na wawili tulikuwa kwenye zamu ile. Tulirudi nyumbani tukala, tukalala, na mmoja wetu aliyepata mtoto wiki ile alimpa mtoto jina la Fundi. Mimi pia ningekuwa na mtoto ningempa.

Alikuwa mzee wa kanisa, wa wale wanaoshika Sabato. Ijumaa jua likianza kushuka alikabidhi zamu, akanawa kwa sabuni ya kipande, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Chai hakunywa. Alikunywa soya, kwenye kikombe cha bati, na alitucheka sisi wa chai kwamba tunaharakisha mioyo yetu bila sababu, nayo itafika tu. Kitabu chake cha masomo ya Sabato kilikaa kwenye droo yangu kwa sababu droo yake ilijaa spana. Nilikifungua siku moja. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika maelezo yake kwa kalamu, mwandiko mzuri ajabu, herufi zimesimama sawasawa. Nilijisikia vibaya kwa mwandiko wangu wa kuku.

Kumbuka mwandiko huo, maana sasa ninakuja kwenye mikono.

Kupima moshi ilikuwa kazi yangu, lakini aliyeshika kadi ni yeye. Alisema macho yangu bado hayajazoea. Kila siku saa nne asubuhi tulitoka pamoja, tukasimama karibu na mizani ya miwa, akainua kadi, akafumba jicho la kushoto, akatulia. "Moja," akasema. Mimi nikajaza fomu. Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja: jina na sahihi ya aliyepima. Siku ya kwanza nilimpa kalamu. Akainua viganja vyake, vinang'aa grisi.

"Mkono iko na mafuta, itachafua karatasi ya serikali. Weka wewe."

Nikaweka. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki sikumpa kalamu tena. Nilidhani ni adabu. Nilidhani ananipa heshima ya kazi yangu.

Sasa, kwa nini saa nne? Alfajiri, saa kumi na mbili, boila ilipulizwa masizi. Mvuke mkali ulielekezwa kwenye mabomba ya ndani ili kukwangua kilichoganda, na kilichokwanguliwa kilitoka juu, cheusi, kizito, kikaenda kuketi kijijini. Mchana mvua ikinyesha makapi yalilowa, na makapi mabichi hutoa moshi wa kumliza mtu. Lakini saa nne moto umetulia, makapi ni makavu, na ukitazama bomba unaona ukungu tu. Mwezi wa pili nilimwuliza.

"Fundi, kwa nini tusipime asubuhi?"

"Fomu inasema mara moja kwa siku. Imesema saa ngapi?"

"Haijasema."

"Sisi hatudanganyi, Nyar Kosele. Tunachagua saa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha, kama mtu aliyeonyeshwa siri ya wakubwa.

Na palikuwa na bafu. Bafu ndilo jina tulilolipa lile tangi la chuma lililo kati ya boila na bomba, ambamo moshi hupita chini ya maji yanayonyunyiza ili masizi yaanguke kabla ya kutoka nje. Ni kifaa kizuri. Kilinunuliwa kwa sababu sheria ilikitaka. Lakini pampu yake ilikuwa pampu nzuri pia, na pale kwenye kupikia sukari pampu ziliungua kila msimu, kwa hiyo pampu ya bafu iliazimwa. Iliazimwa mwezi wa kwanza wa msimu na ikarudi siku maofisa wa mazingira wanapokuja. Tulijua wanakuja kwa sababu mawe ya bustani yalipakwa chokaa. Siku hiyo Fundi aliirudisha pampu kwenye kigari, akaifunga, bafu likaoga, maofisa wakaona, wakaandika, wakala kuku, wakaondoka. Jioni pampu ikarudi kwenye sukari. Bolti zake alikuwa amezipaka grisi nyingi ili zisimchoshe kufungua.

Ofisa mmoja aliwahi kumwuliza, "Hii pampu inafanya kazi?"

"Sikiliza mwenyewe," Fundi akamjibu. Ilikuwa inafanya kazi. Alisema kweli.

Huyo ndiye mtu aliyemfukuza mpwa wake kwa valvu moja. Nilijaribu miaka mingi kuviunganisha vitu hivi viwili nikashindwa, mpaka nilipogundua kwamba kwake havikugongana kabisa. Maji ya boila yakidanganywa yanakuua wewe, papo hapo, na kila mtu anajua ni nani aliyedanganya. Moshi unamuua mwingine, polepole, nyumbani kwake. Aliogopa boila kwa haki. Kijiji hakukiogopa.

Kijijini nilikuwa na mama aliyeniuzia maziwa. Kila asubuhi aliyaleta kwenye chupa ya soda, akakaa mlangoni pangu dakika tano, tukasemezana. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na kifua. Nilimsikia akikohoa nje huku mama yake akinimiminia maziwa kwenye sufuria, na nilisema pole, na nilimaanisha. Saa nne nikaenda kuandika moja.

Leseni ya kiwanda ilipokaribia kwisha ukaitishwa mkutano wa wananchi, kwenye uwanja wa mpira wa kiwanda. Walikuja wengi kuliko viti. Mama wa maziwa alisimama mbele na shati jeupe la shule la mtoto wake, akalikunjua, limejaa madoa meusi.

"Hii nimefua asubuhi," alisema. "Asubuhi hii. Nikaanika. Kama shati iko hivi, kifua ya mtoto iko aje?"

Watu wakapiga makofi. Ofisa aliyeongoza mkutano alikuwa na faili letu mezani. Akamwita msimamizi wa boila. Fundi alisimama amevaa shati lake la Sabato, ingawa ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikiwa na matumaini, kwa sababu nilijua mtu huyu hasemi uongo, na pale palikuwa na swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa moja tu.

"Moshi wenu ni namba ngapi?" ofisa akauliza.

"Mimi ni mtu wa moto," Fundi akasema. "Kupima si yangu. Kwa fomu kuna mtu ameandika jina, na ameweka sahihi. Muulizeni."

Akachukua faili, akalisogeza mbali na macho kidogo, akasoma majina yangu matatu, taratibu, moja moja. Ndiyo siku aliyoyahitaji.

Nikasimama. Ofisa akaniuliza, "Ni wewe umepima?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kusema ni nani aliyeshika kadi. Ningeweza kusema saa nne, bafu, pampu, chokaa. Karatasi zaidi ya elfu moja zilikuwa na mkono wangu, na nyumbani Kosele palikuwa na watu waliokula kwa kazi yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Kwa hiyo uongo wa kwanza katika jambo lile lote ulitoka kinywani mwangu. Yeye alibaki msafi kama kola yake.

Mama wa maziwa hakupiga kelele. Alikunja shati. "Yawa, kumbe ni wewe, nyathina," alisema. Mwanangu, ndivyo alivyoniita, hata hapo. "Na maziwa yangu unakunywa."

Kesho yake chupa haikuja. Leseni ilikuja.

Nilimfuata Fundi kwenye kioo cha maji nikamwuliza kwa nini. Aligonga kwa ukucha mara mbili, akainama, akaniuliza bila kunigeukia, "Nimesema uongo gani?" Nilitafuta. Natafuta mpaka leo. Msimu ulipokwisha niliacha kazi.

Alistaafu baada yangu, akarudi kwao Kisegi. Habari zake nilizisikia kwa watu: anafuga mbuzi, anakohoa, amepungua. Sikwenda. Nilikuwa nimepata kazi nyingine karibu na mji wa Migori, kwenye mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, na nilijiambia kwamba sina nafasi. Mwaka jana mke wake akapiga simu. "Mzee anakutaka," alisema. "Njoo akiwa bado anaweza kuongea." Nikaomba ruhusa ya siku moja.

Nilimkuta kwenye kiti cha uvivu, sebuleni, mabega yake yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Ukucha wake mrefu ulikuwa umekatwa. Mke wake alitandika meza, ugali na samaki, ngege wa kukaanga, na Fundi alikula kidogo, akipumzika kati ya tonge na tonge. Akanieleza. Daktari amesema mapafu yamejaa vumbi la miaka. Ameiandikia kampuni imsaidie matibabu. Kampuni imemjibu kwa nakala za faili la mazingira, miaka sita, kila siku namba moja, hewa safi kabisa, haiwezi kuwa imemdhuru mtu.

"Wamenijibu na wewe," alisema.

Sitaficha: kitu ndani yangu kilifurahi. Kilifurahi kidogo, vibaya, halafu akakohoa na kikanyamaza.

Mke wake alileta karatasi na kalamu, akaviweka mbele yangu. Fundi alitaka maelezo ya kupeleka kwa wakili, kwamba saa ilichaguliwa, kwamba pampu iliazimwa.

"Mimi nitasema," akaniambia. "Andika wewe."

Nikasukuma karatasi kwake. "Andika mwenyewe, Jaduong'." Mzee wangu.

Akainua viganja vyake vyote viwili. Vilikuwa vinang'aa mafuta ya samaki.

"Mkono iko na mafuta," alisema.

Mke wake akacheka, hakujua. Fundi hakucheka, na mimi sijui kama alikusudia. Nilisimama. Nilichukua jagi na beseni, nikapiga goti mbele yake kama binti wa nyumba hiyo, nikammiminia maji. Nikampaka sabuni mwenyewe, mara mbili, kati ya vidole, juu ya lile kovu la kifundo alilolipata kwa ajili yetu. Nikamfuta kwa taulo. Nikamtilia kalamu mkononi.

Aliandika muda mrefu, nami nikasuuza jagi na beseni kando yake. Mwandiko ulitetemeka lakini herufi bado zilisimama. Aliandika kwamba moshi ulikuwa namba tatu alfajiri na siku nyingine nne, kwamba kadi aliishika yeye, kwamba karani aliandika alichoambiwa. Akatia sahihi. Ndiyo mara ya kwanza nilipoiona sahihi yake. Halafu akaigeuza karatasi ikanielekea, akaweka kidole chini ya jina lake.

"Sasa weka yako hapa, kwamba ni kweli. Bila yako hii ni kelele ya mzee mgonjwa."

Alikuwa na haki. Na ilikuwa kweli, kila neno. Lakini karatasi ile ikisomwa, aliyeandika uongo miaka sita atakuwa mimi, kwa kukiri mwenyewe, na watu watauliza siku hizi anaandika wapi. Ningewajibu nini? Pale kwenye mawe ya dhahabu tuna jenereta tatu kubwa. Mimi ndiye ofisa wa mazingira. Nina faili, nina kadi. Napima kila siku, saa nne asubuhi, na nina kijana wa kike kutoka chuoni ambaye anajaza fomu na kutia sahihi, kwa sababu nimemwambia macho yake bado hayajazoea.

Nilitazama mikono yangu, bado inadondoka maji ya beseni.

"Mkono yangu iko na maji," nikasema.

Fundi alifumba jicho la kushoto. Alinitazama hivyo kwa muda, ametulia, kama ninavyomkumbuka pale kwenye mizani. Hakusema namba. Alichukua taulo kwenye paja lake, akaninyooshea.

Nikaipokea. Nikajifuta, kidole kwa kidole, mpaka mikono ikakauka, na nikaendelea kujifuta. Kisha nikaikunja taulo, nikaiweka mezani kando ya karatasi, nikawaambia kwamba barabara ni mbaya na jua linakwenda, nikaaga.